Kigingi Namba Nne

Jumatatu, 4 Machi

Sasa hivi mwanangu Kifaranga ameingia sebuleni akiburuta kigingi namba nne. Amekifunga kitambaa changu cha kichwa, amekilaza kwenye mkeka, amekifunika, halafu akaniwekea kidole mdomoni nisipige kelele, mtoto amelala. Yeye mwenyewe hajatimiza miaka mitatu na kigingi kinamzidi urefu. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikanikauka, maana vigingi vile ni vya halmashauri na mimi ndiye niliyetia sahihi kuvipokea.

Daftari, wewe umekuja juzi tu, inabidi nikueleze. Kuna kampuni ya umeme wa jua inataka kuweka paneli zake bondeni, kwenye shamba la mama mkwe. Pakishindikana hapo watakwenda kule juu, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Bado haijaamuliwa. Kamati ya mipango itakaa tarehe 20 Mei, mvua zikiisha, na kabla ya kukaa inataka kujua maji yanasimama wapi bondeni. Ofisi ya mipango ilimtuma binti mmoja, mimi namwita Dada Ramani, maana hawezi hata kukusalimia bila kukunjua ramani. Alisema picha za angani hazioni maji yaliyo chini ya majani, anatafutwa mtu anayeishi hapahapa. "Unajua kuandika?" akaniuliza. Nikamwambia shule niliacha kabla ya mtihani wa mwisho, ila mwandiko wangu ulikuwa unaonyeshwa kwa wenzangu. Ndipo akanipa wewe, na akapigilia vigingi sita vya mbao vyenye mistari mieupe na myekundu. Asubuhi na jioni nizunguke, nitazame maji yamefika mstari wa ngapi, niandike.

Kurasa zako zote zina namba na muhuri. Ni marufuku kuchana hata mmoja. Maji naandika kuanzia mbele, kama nilivyoagizwa. Kuhusu huku nyuma sikuambiwa kitu. Basi huku nyuma nitajiandika mimi.

Kigingi nimekirudisha kabla mama mkwe hajatoka kuanika nguo. Ardhi imekauka, ina nyufa na mashimo ya fuko kila unapokanyaga. Nikamuuliza Kifaranga, "Ulikitoa wapi, mama?" Akaonyesha huku, akaonyesha kule, mwisho akaonyesha ndege. Nikapata shimo linalokitosha, nikakipigilia kwa jiwe. Namba moja mpaka sita: kavu.

Kikombe chake cha njano hakionekani. Nikimuuliza kiko wapi anajibu, "Kinafunika." Kinafunika nini? "Kinafunika tu."

Jumatano, 6 Machi

Zote kavu. Leo nimeongea na mtu mzima mara moja. Mama mkwe alisema, "Chumvi." Nikampa.

Jumapili, 10 Machi

Jumapili ni siku ya simu. Baba Kifaranga ni mlinzi wa ghala kwenye mji wa mbali, huu ni mwaka wa pili. Anaanza kuongea na mama yake, ndivyo inavyopaswa. Halafu Kifaranga anapewa simu, anaihemea tu. Halafu mimi. Leo ilipofika zamu yangu akasema, "Mke wangu, sikia nikwambie," ikakatika.

Nikaendelea kuishikilia sikioni. Nikasema, nasikia. Nikasema, sisi wazima. Nikamweleza habari za kigingi na kitambaa cha kichwa, nikacheka pale ambapo yeye angecheka. Kifaranga alikuwa ananitazama. Angekuwa mtu mzima angeniona nimepungukiwa.

Alhamisi, 14 Machi

Amekuja Bwana Kofia wa kampuni. Anavaa ile kofia ngumu ya ujenzi hata akiwa amekaa kwenye kiti chetu, kama vile dari letu linamtisha. Mama mkwe alimsikiliza kimya, mikono mapajani. Tangu baba mkwe afariki hasemi sana, na akisema anasema kama mtu anayehesabiwa maneno.

Bwana Kofia akasema, "Mama, ikipita hapa kwako, mlinzi wa mitambo anatoka nyumba hiihii. Huo ndio utaratibu wetu. Una kijana?"

"Ninaye," akasema mama mkwe. "Ni mlinzi."

"Basi si umesikia? Kazi imemfuata nyumbani!"

Mama mkwe akamwongeza sukari kwenye chai, mtu hata hakuomba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nikasahau kuliweka chini.

Kisha tukatoka wote uani akatuonyesha kwa kidole. Pale katikati, penye namba nne, ndipo itakapopita njia ya magari na ndipo itakapokaa nyumba ya transfoma. Watamwaga kifusi wapainue. "Namba nne ndiyo roho ya mradi," akasema. "Pakiwa pakavu hapo, tumemaliza. Pakiwa na maji, tunahamia machimboni, na huko mlinzi atatafutwa kwingine."

Jioni nilienda kuviona vigingi nikiwa nakimbia, ingawa hakukuwa na kitu cha kukimbilia. Namba nne: kavu. Nilikigusa kichwa, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyepata nafuu ya homa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua! Imeanza wakati tunakunywa uji. Namba tatu nusu mstari. Namba tano mstari mmoja. Namba nne: kavu.

Ijumaa, 22 Machi

Siku ya tano ya mvua. Asubuhi nimekwenda bombani, kinamama wamejaa, na Fundi akiwa katikati yao. Fundi ni mwanamke mshonaji, nyumba yake ni ile ya chini kabisa, bonde linapoishia. Watoto wake pacha wako shule ya bweni, anakaa peke yake na cherehani ya kukanyaga. Ana sauti ya kuita mtu upande wa pili wa mto.

"Mama Vigingi!" akaniita. "Wanao wameamkaje? Wamekunywa uji?"

Wote wakacheka. Nikainamia ndoo yangu. Uso ulikuwa unaniwaka.

Anakusanya sahihi za kupinga mradi kukaa bondeni, anaziandikia nyuma ya zile karatasi za kukatia mitindo, kwa hiyo ukigeuza karatasi ya pingamizi unakuta mkono wa gauni. Akaninyooshea. Nikamwambia siwezi, mimi ni mtu wa kuandika maji tu.

"Haya, mwandika maji. Pale katikati wanapotaka kumwaga kifusi, pana maji kiasi gani?"

"Pakavu."

"Pakavu?" Akaacha kucheka. "Siku tano mvua, pale pakavu?"

"Nimeona kwa macho yangu. Nimeandika kwa mkono wangu."

Akaikunja karatasi yake. "Wakipaziba pale, maji yatahamia kwangu. Mimi naishi hapa kabla wewe hujajua kufunga kanga."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira. Wivu tu. Hajafikiwa na paneli yeye, basi sote tukose. Kuna watu hawataki kuona mume wa mwenzao akirudi.

Jumanne, 26 Machi

Namba nne: kavu. Kifaranga kalipenda neno "maji" na sasa kila kitu ni maji, hata bibi yake.

Jumanne, 2 Aprili

Dada Ramani amekuja kukagua. Viatu vyake vya mpira alivisahau ofisini, akaishia kusimama nasi uani akitazama bonde kwa mbali. Vigingi sita vilionekana vimesimama, akaridhika. Akapiga picha kurasa za mbele moja moja.

"Unaandika vizuri kuliko karani wetu," akasema. Sijasifiwa na mtu tangu nijifungue. "Ila ajabu. Tatu ina maji, tano ina maji, nne katikati yake ni kavu. Labda pana kamwinuko."

"Pana kamwinuko," nikasema, na ni kweli. Kigingi kimesimama juu ya kichuguu cha zamani kilicholika.

Akakugeuza. "Na huku nyuma ni nini?"

"Ni mimi."

Akakufunga bila kusoma. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Jumapili, 7 Aprili

Simu haikukatika. Nilimwambia namba nne ni kavu kila siku, hata Dada Ramani kaona. Akasema polepole, "Kumbe kweli nitarudi." Nikageukia ukutani ili mama mkwe asinione uso.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Namba nne: kavu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Kavu. Mama mkwe kaniambia paa linavuja jikoni. Nikaweka sufuria. Tukawa tunasikiliza sufuria, mimi na yeye, kama watu wanaosikiliza redio.

Jumanne, 16 Aprili

Mkono unaniuma lakini niandike. Mvua ilianza alfajiri na haikunyesha, ilimwagika. Saa tatu asubuhi nikamwachia mama mkwe mtoto, nikafunga nguo magotini, nikashuka. Namba mbili mistari mitano. Tatu na tano zimezama, nimeona vichwa tu. Nne imekaa juu ya kichuguu chake kama kuku anayeatamia. Kavu. Ila pembeni yake, hatua ishirini hivi, maji yalikuwa yanapita kwa kasi, ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuma. Sikupasogelea.

Ndipo nikasikia mtu anaita kule chini. Hakuita jina, aliita tu.

Maji yalikuwa yameshaingia kwa Fundi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa amesimama katikati ya chumba amekumbatia cherehani, hawezi kuinyanyua, hataki kuiacha. "Shika huko!" akasema, hata salamu hakuna. Tukakifungua kichwa cha mashine, tukakipandisha juu ya kabati. Tukapandisha sare za shule za watu, majora ya kitambaa, karatasi zake za sahihi, picha ya pacha. Mlangoni tuliziba kwa magunia, yakapita tu chini yake. Mwisho tukapanda sote wawili juu ya meza ya kukatia nguo, miguu tumeikunja, tukawa tunayatazama maji yakizunguka chumba kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga.

Fundi akatoa mkate mkavu kwenye mfuko wa aproni, akaumega. "Mama Vigingi," akasema, "andika. Fundi: mistari miwili."

Sijui kicheko kilitoka wapi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka na ile sauti yake, halafu katikati ya kicheko nikaanza kulia, na sikuweza kukinyamazisha chochote kati ya viwili.

Hakuniuliza kulikoni. Aliningoja, akanifuta uso kwa kipande cha bitana. "Unajua kwa nini nakuita bombani?" akasema. "Ili uje usimame nasi. Kila siku nakuona unazunguka bondeni peke yako unaongea na vijiti. Nikasema huyu mtoto wa watu ataota mizizi."

Naapa sikujua kama naongea kwa sauti.

"Nilidhani unanicheka," nikamwambia.

"Nilikuwa nakucheka. Mtu anayekucheka si amekuona?"

Akaniambia hana ugomvi na umeme. Magoti yake yameisha kwa kukanyaga cherehani, umeme anautaka kuliko mimi. "Lakini leo haya ni maji yaliyopata njia yake ya kawaida, yamenipitia kidogo tu pembeni. Wakiiziba hiyo njia je? Hapa juu ya meza hatungekuwepo, mdogo wangu. Tungekuwa juu ya paa."

Saa nane yakashuka. Tulisukuma tope kwa mifagio. Nimerudi nyumbani nimechoka kama punda na, sijui kama inafaa kuandikwa, nilikuwa na furaha.

Jumatano, 17 Aprili

Namba nne: kavu. Nimeiandika bila kukigusa kichwa.

Jumapili, 21 Aprili

Baba Kifaranga amesema kitanda chake amekwishampa mwenzake wa zamu. Analala chini kwenye boksi lililokunjuliwa. "Mwezi mmoja tu, boksi ni zuri kwa mgongo," anasema, anacheka. Jiko dogo kampa mwingine. Mwanamume mzima anagawa vyombo vyake kwa furaha, kwa sababu ya neno moja ninaloliandika mara mbili kwa siku.

Jumatatu, 29 Aprili

Nashinda kwa Fundi, narudi kwa ajili ya vigingi tu. Kifaranga analala chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande. Kashonewa gauni la rangi saba, anazunguka nalo mpaka anaanguka. Fundi ananifundisha kutoboa matundu ya vifungo. Hajaniuliza tena juu ya namba nne. Ingekuwa heri aniulize.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua nyepesi. Tatu inashuka. Tano inashuka. Nne: kavu.

Alhamisi, 9 Mei

Maji yamerudi nyuma. Leo asubuhi nilikwenda na Kifaranga, ameshika kidole changu, anaruka matope. Tulipofika karibu na namba nne akauachia mkono wangu, akageuka kushoto, akaenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Hatua ishirini na mbili, nilizihesabu baadaye. Akachuchumaa.

"Kinafunika," akasema.

Kikombe cha njano. Kimegeuzwa mdomo chini, kimezama kwenye tope mpaka nusu. Nikakizungusha, kikatoka na sauti ya busu. Chini yake palikuwa na shimo. Mashimo ya fuko ni ya duara. Hili lilikuwa na pembe nne, upana wa ubao, limejaa tope laini lakini pembe zake bado kali kama zilizokatwa kwa kisu.

Alikiona kigingi kimetoka, akaona shimo limebaki wazi, akalifunika lisipate baridi. Mwanangu wa miaka mitatu kasoro alilifanyia lile shimo wema, na mimi nikaenda kupigilia kigingi kwenye nyumba ya fuko, juu ya kichuguu.

Nikasimama pale. Majani yote yamelala upande mmoja, kuelekea kwa Fundi. Kwenye kichaka kilichopo hapo takataka za mafuriko zimenasa juu kuliko kiuno changu. Hapa ndipo yalipokuwa yanavuma siku ile. Hapa ndipo namba nne halisi. Miezi miwili nimeandika hali ya kichuguu.

Nikamwoshea kikombe chake kwenye dimbwi. Akakinywea maji ya uongo, akaninywesha na mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Namba nne: kavu. Mkono umeandika wenyewe.

Jumapili, 12 Mei

"Mbona kimya?" aliniuliza Baba Kifaranga kwenye simu. Nikasema mafua. Akasema akifika atanitengenezea dawa ya tangawizi. Akasema amemwota Kifaranga, ila katika ndoto hakuwa na uso, kwa sababu hajui sasa anafananaje. Nikasema, "Ana macho yako." Nikasema, "Rudi tu." Hilo ndilo nililosema, daftari, nisikufiche. Nilikuwa na siku tatu nikijua, nikamwambia rudi tu.

Jumatano, 15 Mei

Leo mchana mama mkwe alikuwa anachambua maharage, mimi nakunja nguo. Kikombe kilikuwa mezani.

"Kilikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye majani."

Akaendelea kuchambua. Mbovu huku, nzima huku. "Majani ya wapi?"

Nikakunja nguo nyingine. Akaweka ungo chini.

"Nilikuwa dirishani siku ile," akasema. "Nilikuona unakipigilia pale kichuguuni. Nikasema nimwite. Nikafungua mdomo kabisa."

Nguo zilinianguka mikononi.

"Mimi nimelima lile bonde miaka thelathini. Najua maji yanapopita kama ninavyojua njia ya kwenda chooni. Baba mkwe wako alikuwa ananivusha pale mgongoni mvua zikiwa kubwa." Akaokota harage lililoanguka, nikadhani ameishiwa na maneno yake ya siku. "Nikaufunga mdomo. Nilitaka mwanangu arudi. Nyumba hii imekuwa kubwa, mwanangu. Wewe unadhani ni wewe tu unayesikia?"

Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu. Miaka mitatu na nusu nimekaa naye nikidhani hanipendi, nikampa chumvi, nikapokea sufuria, kumbe tulikuwa tunamngoja mtu mmoja, kila mtu kwenye chumba chake.

Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake, nikashika ungo upande wa pili. Tukachambua yote. Ilipokwisha nikamuuliza, "Mama, nifanye nini?"

"Kuandika unajua wewe," akasema. "Mimi sijui." Kisha, alipokuwa anasimama, mkono begani mwangu ili anyanyuke: "Ila Fundi alinisaidia kumwosha baba mkwe wako, siku aliyokufa. Hatujasemezana tangu habari ya hili shamba ianze. Ni vibaya."

Alhamisi, 16 Mei

Nimekitoa kigingi kwenye kichuguu, nimekirudisha kwenye shimo la pembe nne. Kimeingia bila kupigiliwa. Namba nne: mstari mmoja na nusu. Juzi mvua ilirudi, leo imekwisha, na bado mstari mmoja na nusu.

Halafu nilishuka kwa Fundi nikamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliutia mara tatu ukakataa.

"Kwa hiyo sikuwa nimekosea," akasema.

"Hukukosea."

"Na mumeo?"

Nikatikisa kichwa. Akasogeza kiti chake, akanipa sindano. "Nitilie wewe, macho yako mazuri." Nikamtilia. Hakuniambia niondoke, na mimi sikuondoka mpaka jioni.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekuta jambo. Maji yanatoka mbele, mimi natoka nyuma, na tumefikiana. Umebaki ukurasa mmoja mtupu. Upande wa mbele ukurasa wa mwisho wa maji nimeandika kwa wino, kwa herufi kubwa: kuanzia tarehe 4 Machi mpaka 15 Mei kigingi namba nne hakikuwa mahali pake, mahali pake halisi ni hatua ishirini na mbili kushoto ya pale kilipokuwa. Wakitaka kujua ilikuwaje, itabidi wageuze daftari. Watasoma chumvi, watasoma simu iliyokatika, watasoma nilivyolia juu ya meza. Nilishika ukurasa wa kwanza huu wa nyuma nikaukunja kidogo pembeni, nikasikia karatasi inavyoanza kuachia. Nikaacha. Muhuri ni muhuri.

Jumatatu, 20 Mei

Niko kwenye benchi la korido, nje ya ukumbi wa halmashauri. Sakafu inanukia dawa ya kusafishia. Ukutani kuna ramani ya bonde letu, na namba nne imepigwa duara la kijani. Bwana Kofia yuko ndani, kofia yake naiona kupitia kioo cha mlango. Mama mkwe kakaa kulia kwangu na Kifaranga kamlalia. Kulia kwake kakaa Fundi. Walikaa hivyo bila kuangaliana, halafu Kifaranga akanyoosha miguu kwa usingizi, ikaangukia mapajani mwa Fundi, na Fundi akaishika, na sasa anaisugua nyayo. Mama mkwe amemwambia, "Magoti yako vipi?" Ndio hivyo tu. Sasa wanaongea magoti.

Jana Baba Kifaranga nilimpigia mimi. Niliomba simu nianze mimi, mama mkwe akanipa. Nilimweleza yote, kikombe, shimo, kichuguu. Alinyamaza mpaka nikadhani imekatika tena, nikasema haloo. Akasema, "Nipo." Akasema, "Ningekuwa hapo ningekivuta hicho kikombe nikitupe mtoni." Kisha akasema, "Hapana, nisingekitupa." Kisha akasema itabidi aombe arudishiwe kitanda, na mwenzake amekwishakizoea. Alijaribu kucheka. Nilimsikia alivyojaribu.

Nimebakiwa na mistari michache. Dada Ramani amepita sasa hivi, nimemwonyesha ukurasa wa mwisho wa maji, ameusoma akiwa amesimama, rangi imemtoka usoni. Akaniuliza, "Unajua nikiupeleka huu, mradi wa bondeni umekwisha?" Nikamwambia najua. Nikamuuliza machimboni nako si watataka mlinzi? Akasema ndiyo, itatangazwa, mtu yeyote wa eneo hili anaruhusiwa kuomba. Nikamuuliza, lazima awe mwanamume? Akanitazama. Akasema haijaandikwa popote.

Haijaandikwa popote. Ghala analolinda Baba Kifaranga ni mbali, lakini machimbo ni mwendo wa kutembea tu, na mwandiko wangu

karani amefungua mlango, anaita, "Mtunza vigingi! Mtunza vigingi yuko wapi?" na mama mkwe ananigusa kiwiko, "Mwanangu, unaitwa," nasikia, mama, nasikia, niache nimalizie hapa padogo palipobaki: Baba Kifaranga, siku utakayosoma haya ujue kwamba usiku wala mchana sikutaka kitu kama nilivyotaka urudi, lakini namba nne si kavu, haikuwa kavu hata siku moja, na barua ya kuomba ile kazi nitaiandika mimi mwenyewe leo leo nikitoka humu, kwa jina la